Toba ya Daktari Mutuma

Jumanne, 4 Machi 2025

Wamekuja shuleni Manyatta, wanajeshi wawili na kasisi wao, nikiwa katikati ya somo. Nilijua kabla hawajavua kofia. Mume wangu Mutuma hayuko tena. Kombora limeangukia hema la upasuaji huko Somalia. Alikuwa anamshona askari tumbo. Askari mwenyewe amepona, wakasema, kana kwamba hiyo ni dawa ya kunituliza. Nimefurahi? Hapana! Mungu anisamehe, sijafurahi.

Daktari mpasuaji mzima, angekaa hapa Embu afungue kliniki kama wenzake. Lakini wapi — jeshi tu. Huko ndiko kisu chake kinahitajika, alisema. Haya basi.

Alhamisi, 6 Machi

Tuko Githongo, kwa mama mkwe. Hema mbili, viti vya plastiki, kamati ya mazishi inakunywa chai tangu asubuhi.

Halafu gazeti likafika sokoni. Ndani yake tangazo la rambirambi: picha ya Mutuma, na juu yake alama ya bikari na rula ya seremala. Wenzake wa Nairobi, wa chama cha siri cha Frimasoni, wanamlilia kwa heshima zote. Wajinga wale! Hawangeniuliza kwanza?

Mimi nilijua. Nimefua glavu zake nyeupe miaka yote. Nilimuuliza mnafanya nini huko, akasema tunakula, tunalipia yatima karo, tunaapa kuwa watu wema, tunavaa aproni. Aproni! Nilicheka mpaka machozi. Lakini mama yake hakujua. Kufika adhuhuri chai ilikuwa imepoa kwenye chupa na kamati imebaki nusu.

Jumamosi, 8 Machi

Sokoni wanasema Frimasoni wanaabudu shetani, na yeye ametolewa kafara. Wengine wanasema jeneza litakuja na mgomba ndani badala ya maiti, yeye mwenyewe yuko London anakula pesa.

Na wagonjwa aliowapasua hapa akiwa likizoni wameanza kufika. Nilidhani wamekuja kulia nami. Muthoni muuza ndizi, yule ambaye Mutuma alimtoa rovu la shingo bila kumlipisha, amenivuta kando ya zizi: rovu lenyewe lilipelekwa wapi? Nthiga naye anadai kidole tumbo chake. Miaka yote hii!

"Mwalimu," Nthiga akasema, "mimi sisemi daktari alikuwa mbaya. Lakini hiyo kitu ilikuwa yangu. Na kama hao Frimasoni waliiombea mambo yao huko?"

Nikamwambia ilichomwa kwenye tanuri la hospitali, kama za watu wote. Akashika kichwa. Kuchomwa ndiyo mbaya zaidi, akasema, kafara huchomwa.

Nilitaka kucheka, nikalia. Huyu angekuwa kaburini leo kama si Mutuma. Shukrani ya punda ni mateke, kweli.

Jumatatu, 10 Machi

Mchungaji amekuja na mzee wa kanisa, Mithika. Chai hawakugusa. Kanisa haliwezi kumzika Frimasoni: hakuna sala, hakuna kwaya. Isipokuwa kama alitubu. Mjane akisimama mbele ya waumini aseme mumewe alitubu, watamzika vizuri.

Mithika akanisogelea. "Mwalimu, si ni sentensi moja tu? Mlikuwa mnaongea na yeye kwa simu. Nani mwingine alisikia?" Mchungaji akakohoa, akaangalia nje.

Mama alikuwa mlangoni. Hajala tangu Alhamisi. Walipoondoka aliniuliza kitu kimoja, kwa Kimeru, polepole: mwanangu ameenda wapi? Si mwili. Yeye mwenyewe.

Jumatano, 12 Machi

Omar amepanda kutoka Embu, yule mwenye duka la dawa. Ni mwenzake Mutuma wa chama. Muislamu na Mkristo kukaa chumba kimoja bila kugombana, hilo ndilo Mutuma alipenda kule, anasema. Wangependa kuja kuweka tawi bichi kaburini, ndiyo desturi yao.

"Shemeji, ukisema tusije, hatuji. Lakini tafadhali usimkane."

Rahisi kwake kusema. Mutuma hangetubu, namjua. Angeuliza: nitubu nini, karo ya yatima? Nikisema alitubu, nitakuwa nimezika mtu mwingine. Nisiposema, Mama atamzika mwanawe kama mbwa, kisha awe anamwona motoni kila akifumba macho.

Nina hasira na wote. Na wewe pia, Mutuma.

Ijumaa, 14 Machi

Nimesema.

Jeneza lilikuwa na bendera juu, wanajeshi wima pembeni. Mithika akanipa maikrofoni. Mume wangu alitubu kabla ya kufa, nikasema, nikakaa. Wanawake wakapiga vigelegele — mazishini! Kwaya ikaanza. Muthoni alikuwa mbele kabisa, analia kuliko mimi.

Omar na wenzake walikuwa nyuma, karibu na mibuni ya kahawa, na suti zao nyeusi. Waliondoka kabla ya udongo, na tawi lao mkononi.

Sasa hema zinashushwa. Mama amekula! Sahani nzima ya mukimo wa viazi. Kisha akaja chumbani, akafunga mlango. Akauliza: alitubu siku gani? Alisemaje?

"Mimi alinipigia Jumapili ile, akauliza tu kama ng'ombe amezaa. Kwa nini hakuniambia mimi, Kinya? Ama aliona haya?"

Nikasema ndiyo, Mama, aliona haya.

"Basi niandikie maneno yake yote, vile alisema. Nitaweka kwa Biblia yangu."

Ameamini! Na mimi nilidhani anajua. Nilidhani tunadanganya pamoja, mimi na yeye.

Ameketi kitandani kando yangu, anafuata kalamu kwa macho, akidhani haya ninayoandika ndiyo maneno ya Mutuma. Bila miwani haoni herufi, nashukuru. Amefurahi kuona maneno ni mengi. Sasa hivi ameuliza kama nimefika pale alipomtaja Yesu.

Nimemwambia bado, Mama.