Tangazo la Ishengoma

Kamachumu,
3 Machi 1987

Mdogo wangu Nathanieli,

Ukoo wa Mzee Lameki wa Kamachumu, Wilaya ya Muleba, unasikitika kutangaza kifo cha jogoo wao mpendwa, kilichotokea Jumatatu asubuhi baada ya kugongwa na lori la kahawa. Marehemu ameacha wajane tisa, wawili kati yao wakiwa wameatamia. Habari ziwafikie Nathanieli aliyeko Dar es Salaam na wote waliowahi kuamshwa na marehemu bila kuomba. Mazishi yalifanyika siku hiyo hiyo, ndani ya sufuria.

Umeona, kazi yako haina ugumu. Darasa la nne langu limetosha.

Hujambo waitu, ndugu yangu? Unakula? Sisi tunasukuma siku. Tata hajambo, ila goti la kulia limeanza kutabiri mvua na la kushoto linapinga. Kila jioni saa kumi na mbili anajikongoja hadi dukani kwa Rugaibula, anakaa karibu kabisa na redio, kijiji kizima nyuma yake, kukusikiliza ukisoma vifo. Ukimaliza anawageukia watu: "Leo mwanangu ana mafua." Hakuna anayethubutu kubisha.

Nimezunguka vya kutosha. Ishengoma amerudi nyumbani kutoka Bukoba mjini. Kitinda mimba wetu, aliyekuwa akibeba gunia la kahawa kama mto wa kulalia, juzi nimembeba mimi kutoka kitandani hadi kwenye jua, na sikuhema. Unajua ni nini. Huku wanauita Juliana, kwa jina la yale mashati ya magendo yaliyotujia kutoka Uganda baada ya vita, na yeye aliyauza. Lakini jina hilo ni la wagonjwa wa watu wengine. Mgonjwa wa kwako huwa amerogwa.

Baba mdogo Mushumbusi ameshakwenda kwa mganga, na mganga amemtaja Eufrazia. Ati shemeji yako amemlisha mumewe kitu. Maana yake unaijua: Ishengoma akifa, Eufrazia atang'olewa kwenye kibanja kama magugu, watoto wawili watabaki kwa Mushumbusi, na migomba pia. Ukiniuliza mimi, iliyomtaja ni migomba, mganga amekopesha mdomo tu.

Ndipo nikawaza hivi. Wakati wa vita, shule ya hapa ilipojaa wakimbizi kutoka ng'ambo ya Mto Kagera, mwenyekiti aliwaambia sasa warudi kwao, wakamtazama tu. Mchungaji akawaambia, wakasema amina na kubaki. Wewe ukasema redioni kwamba adui ameondoka. Walianza kufunga mizigo hata hujamaliza sentensi. Kwa hiyo siku ikifika, na hatuko mbali nayo, usome tangazo la mdogo wako na uutaje ugonjwa wake kwa jina. Ukisema wewe, mchawi hayupo tena.

Dada yako,
Kezia


Dar es Salaam,
29 Machi 1987

Dada Kezia,

Shikamoo. Poleni na jogoo. Mimi ni mzima kwa maana ya kwamba natembea. Nimechoka, dada, uchovu wa aina ambayo likizo haiutibu, nilikwishajaribu.

Unaniomba kitu usichokijua uzito wake. Matangazo ya vifo yana sababu nne: ajali, ghafla, kuugua kwa muda mfupi, kuugua kwa muda mrefu. Mtu akileta sababu ya tano, karani wa dirishani anaikata kwa kalamu nyekundu, mimi nasoma kilichobaki. Zamani nilisoma mtu mmoja wa Kagera kwa wiki. Jana nimesoma saba, wote "muda mfupi", hakuna aliyefika miaka thelathini na tano. Wenzangu wananiachia kurasa hizo kwa sababu, wanasema, nayatamka majina vizuri.

Na hayo ya wakimbizi, nisikudanganye. Nilisoma nilichoandikiwa. Kwa bahati siku ile kilikuwa kweli. Kuna siku nyingine nilirudi kutoka mstari wa mbele na damu za watu kwenye viatu, nikakaa, nikasoma "majeruhi wachache". Niliyoyaona niliyaandika kwenye madaftari ya shule. Yako kumi na moja, yamo sandukuni, hayajasomwa na mtu. Huo ndio uandishi wangu. Ninachofanya redioni ni usomaji.

Nikiongeza neno langu hewani, sitakaa tena mbele ya maikrofoni. Nina miaka arobaini na tatu na sijui kazi nyingine, hata kupalilia nimesahau. Mwambie Ishengoma namkumbuka kila siku. Mwambie Eufrazia avumilie.

Mdogo wako,
Nathanieli


Kamachumu,
21 Aprili 1987

Nathanieli,

Tupo. Mvua inanyesha, kahawa inaanza kuiva, Tata anasema sauti yako imekomaa. Mimi nasikia mtu anayetaka kwenda kulala.

Nilimsomea Eufrazia barua yako. Pale kwenye "avumilie" aliniomba nirudie, kisha akacheka mpaka akakohoa. Ndiyo, na yeye anakohoa.

Jumapili baada ya ibada Mushumbusi alikuja kumwona mgonjwa, yaani alizunguka kwanza migombani akipigapiga mashina, ndipo akaingia ndani. Eufrazia alikuwa akimnywesha mumewe uji.

"Uji huo una nini?"

"Una maji na ulezi, baba. Karibu uonje."

"Mimi nionje?"

"Basi naonja mimi." Akanywa nusu kikombe, akafuta mdomo. "Haya, tusubiri wote."

"Mchawi hadhuriki na dawa yake," akasema Mushumbusi, na kurudi hatua moja.

Ishengoma, ambaye siku hizi maneno anayatoa kama mtu anayevuta ndoo kisimani, akafungua macho. "Baba mdogo, kibanja kina hatua mia na ishirini kwa themanini. Nakupunguzia kazi ya kupima. Wewe mzee sasa."

Mushumbusi akaondoka bila kuaga. Jikoni Eufrazia akaniambia, "Dada, waniite mgonjwa, nitaitika, maana najijua. Mgonjwa watu wanamkimbia, lakini mtoto wake anaruhusiwa kumlilia. Mchawi, hata mtoto wake mwenyewe anafundishwa kumtemea mate."

Hayo ndiyo maneno yake, sijaongeza chumvi. Ishengoma naye amekubali jina la ugonjwa litajwe. Ana sharti moja: usimsome karibu na tangazo la mnada wa ng'ombe.

Sikuombi tena. Ila usiniambie nimwambie mtu avumilie.

Dada yako,
Kezia


SIMU
Bukoba, 10 Juni 1987

ISHENGOMA AMEFARIKI LEO ASUBUHI. MAZISHI KESHO. KEZIA


Dar es Salaam,
14 Juni 1987

Dada yangu,

Pole. Mwambie Tata pole, mwambie Eufrazia pole, na wewe uliyembeba, pole zaidi. Simu yako ilinifikia Alhamisi adhuhuri. Kwa treni hadi Mwanza, kisha kuisubiri meli, ningewakuta mmeshatawanyika. Kwa hiyo nilikwenda kazini.

Nimesoma, dada.

Tangazo nililiandika mwenyewe na kulipitisha dirishani kama mtu yeyote, "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Karani hakukata kitu, akanipa pole. Saa kumi na mbili na robo nikalifikia. Nikasoma hadi "Ishengoma Lameki wa Kamachumu, Muleba," kisha nikaigeuza karatasi. Nikasema: "Amekufa kwa UKIMWI. Huyu ni mdogo wangu. Hakurogwa. Mkewe, Eufrazia, alimuuguza hadi mwisho, na anayesema vinginevyo anasema uongo." Fundi mitambo nyuma ya kioo alisimama wima, mkono juu ya swichi. Hakuizima. Nikageuza karatasi iliyofuata, na ilikuwa mnada wa ng'ombe. Ishengoma anisamehe, orodha si yangu.

Ijumaa mkubwa aliniita. Hakufoka. Alinionyesha kiti, akasema, "Nathanieli, na mimi mwaka jana nimezika dada," kisha, kwa sauti ile ile, akanikabidhi barua ya kunihamishia stoo ya kanda za sauti. Nimetia sahihi.

Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani. Sikuwa na furaha, usinielewe vibaya, lakini kwa mara ya kwanza tangu vita sikuwa na kitu cha kwenda kuandika daftarini. Nilikuwa nimeshakisema.

Sasa nieleze yote, usifupishe. Mushumbusi alifanya uso gani? Dukani kwa Rugaibula walisemaje? Tata je?

Mdogo wako,
Nathanieli


Dar es Salaam,
9 Agosti 1987

Dada Kezia,

Shikamoo tena. Najua ni msimu wa kahawa na mikono yenu haishiki kalamu, lakini wiki nane ni nyingi hata kwa posta yetu.

Stoo haina shida. Napanguza vumbi kwenye kanda. Baadhi ni za kwangu, za wakati wa vita. Najisikia nikisema "majeruhi wachache" kwa sauti nzuri kabisa. Kijana mwingine ndiye anayesoma vifo sasa. Jina la kwetu kama Kokugonza analitamka kama mtu mwenye jino bovu.

Wahaya wa hapa Dar walisikia. Mmoja aliponiona alivuka barabara. Mwingine, mwanamke mzima nisiyemjua, alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda zake. Lakini sikusema kwa ajili yao. Stoo naiweza, na kijana yule na jino lake namweza, mradi nijue jambo moja. Niandikie hilo tu: Eufrazia bado yuko kwenye kibanja?

Mdogo wako,
Nathanieli


Dar es Salaam,
27 Septemba 1987

Dada, u mzima? Niandikie mstari mmoja.

Nathanieli


Kamachumu,
18 Oktoba 1987

Mdogo wangu,

Ni mzima. Tata ni mzima, anauliza mbona husomi siku hizi. Nimemwambia wamekupandisha cheo. Barua zako tatu zote zilifika, usiwasingizie watu wa posta. Nilikaa nazo.

Eufrazia hayuko kwenye kibanja. Alitolewa siku matanga yalipoanuliwa, akiwa na kikapu kimoja. Alikwenda kwao Kanazi, ambako walimpokea vizuri wiki mbili na kumwogopa wiki mbili. Sasa yuko visiwani, anaanika dagaa kwa wavuvi waliotoka mbali, ambao nao hawapendi kuulizwa wametoka wapi. Nilimwona bandarini Kemondo mwezi jana alipoleta mzigo. Amekonda, anafanya kazi. Watoto wako kwa Mushumbusi. Yule mdogo bado anaulizia mama. Yule mkubwa ameshafundishwa.

Usidhani nilikaa kimya kwa kila mtu. Barua yako ya Juni ilipofika nilikwenda nayo hadi kwa Mushumbusi, nikamsomea mbele ya wazee wawili. Pale kwenye "hakurogwa" nilisoma mara mbili. Alinisikiliza kwa adabu zote, hata kibuyu cha pombe ya lubisi alikiweka chini.

Akasema, "Kezia, hiyo ni karatasi. Karatasi hata wewe unaandika, tena unajulikana. Angesema redioni, ningeamini."

"Amesema redioni, baba. Tarehe kumi na moja, saa kumi na mbili na robo."

Akawageukia wale wazee. "Nani alisikia?"

Mmoja alikuwa Rugaibula mwenyewe, mwenye redio. Akaangalia miguu yake.

Mimi ndiye niliyepanga jambo hili, Nathanieli. Nilifikiria jina la ugonjwa, nikafikiria sauti yako, nikafikiria mpaka saa ambayo Mushumbusi hupita dukani. Kimoja sikukifikiria, na wewe umekaa Dar mno kukikumbuka. Mtu akifa huku, mpaka matanga yaanuliwe, jembe halishikwi na redio haifunguliwi, kijiji kizima. Alhamisi ile Rugaibula alifunga duka asubuhi akaja kuchimba kaburi. Mushumbusi alikuwa amekaa uani kwetu, Tata pembeni yake, wote kimya kama inavyotakiwa.

Nikasema basi, majirani. Nilizunguka miezi hii yote nikiulizia, ndiyo maana sikukuandikia. Nilitaka nipate hata mmoja. Kemondo wiki ile walikuwa na msiba. Kanazi walikuwa na misiba miwili. Wa Muleba waliokuwa na nafasi walikuja kwetu kuzika.

Hakuna aliyekusikia.

Dada yako,
Kezia