Siagi Haikuzuia Mvua

Neema mjukuu wangu,

Vidole viwili vya mkono wangu wa kulia vilikufa ganzi mjini Columbus, baridi yetu ya kwanza hapa Marekani, na hadi leo havijapona. Hapa Louisville tuko wazima. Unauliza kama glavu za sufu zitatosha kwa baiskeli huko Buffalo. Mimi nilijipaka siagi mikononi, kama tulivyofanya tukichunga ng'ombe milimani Kivu, nikavaa sufu, nikaingia mvuani na baiskeli. Sufu ikalowa, vidole visiihisi breki, nikagonga ubavu wa basi. Bibi yako akaniambia, "Bon, siagi umeshapaka, tukukaange?"

Hakuna aliyekuwa amenionya. Donc nakuonya mimi: juu ya sufu vaa glavu kubwa za mpira za kuoshea vyombo, na jozi kavu ibebe kifuani. Utazivaa au hutazivaa? Nijibu kabla ya ibada ya Jumapili.

Babu yako