Mkanda Mwekundu wa Zafarani

Jumapili, 3 Machi

Tu-tu. Tu.

Mwaka umepita na bado naisikia. Mkia wa Zafarani ukigonga meza ya bati kwa daktari wa mifugo, baada ya upasuaji, wakati sote tumeshakata tamaa. Baba aliinama akamwita jina. Kimya. Akamwita tena. Tu-tu. Tu. Mapigo mawili ya haraka, halafu moja la kuchelewa, kama aliyekumbuka. Hakuna mbwa mwingine anayegonga hivyo. Baba alilia mbele ya watu.

Siku ile daktari alisema wazi: tumbo la huyu limechoka, asibebe mimba tena. Sote tulisikia. Baba pia.

Leo mezani, huku akipaka siagi kwenye mkate, Baba ametangaza kwamba Zafarani yuko kwenye joto na Jumamosi mwenye dume anakuja kumchukua akapandwe. Binzari naye yuko kwenye joto – dada hawa huingia pamoja – ila yeye alizaa msimu uliopita, ni zamu yake kupumzika. Nikasema, lakini daktari... Baba akanikata: yule daktari akisikia chafya anaagiza jeneza! Mama akacheka. Hata mimi nilicheka. Najichukia.

Jumanne, 5 Machi

Kusoma hakuendi. Basi niandike juu ya mbwa.

Wageni wanasema goldeni ritriva wote ni sawa, kama mikate iliyotoka tanuri moja. Uongo. Bi Mkubwa, mama wa Zafarani na Binzari, hazai tena. Kazi yake ni kulala mlangoni kama mkata tiketi, na kila anayemruka anapigwa jicho. Binzari ni mwizi. Anafungua friji kwa pua, na akikamatwa anakaa chini na kukupa mguu umsalimie. Ana afya ya trekta. Lakini watoto wake mwenyewe wanamchosha – akishawanyonyesha anaruka kizuizi, anakwenda kufukua maua ya Mama.

Anayewalea ni Zafarani. Wake na wa dada yake, hachagui. Na ni mwoga! Wa mwavuli, wa puto, wa mfuko wa plastiki ukipeperushwa na upepo. Akiogopa anatafuta soksi, anaibeba mdomoni, anakuja kukuegemea mpaka uyumbe. Wateja wanaomba "mtoto wa Zafarani". Kwa jina kabisa. Upole wake ndio unaomponza.

Dada hawa ni wa uzao mmoja. Rangi moja, kimo kimoja, hata sikio linakunjika mahali pamoja. Zafarani anavaa mkanda mwekundu shingoni, Binzari wa bluu. Mimi siihitaji mikanda. Baba anaihitaji.

Hapo nimeandika jambo ambalo humu ndani hatulisemi.

Jumatano, 6 Machi

Ukungu wa macho ya Baba. Haujawahi kutamkwa. Mama husogeza stuli kabla hajaifikia, eti anafagia. Kaka akija anamsomea gazeti kwa sauti, eti ndivyo alivyozoea. Rangi kali Baba bado anaziona. Zamani mikanda yote ilikuwa ya kahawia; Mama ndiye aliyeleta hii, akasema dukani zilibaki rangi hizo tu. Baba akasema sawa. Sote tukasema sawa.

Jioni nimempigia Kaka. Amecheka: "Digrii yote ile, umekuwa wakili wa mbwa?" Halafu akapoa. Mwache mzee, akasema. Tangu astaafu kabaki na nini kingine?

Kweli hana kingine. Zafarani akizaa, Baba hulala sakafuni kando yake, kamshika mguu kama mkunga. Anampenda. Hilo ndilo linaloniua. Angekuwa mtu mbaya ningejua pa kumshika.

Ijumaa, 8 Machi

Nimejaribu tena. Alikuwa verandani akimchana Zafarani manyoya. Nikasema, Baba, safari hii atakufa.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Uzao mmoja tu, mwanangu. Wa mwisho. Nataka mtoto wake mmoja abaki hapa nyumbani, nimwone anavyokua."

Nimwone. Alisema nimwone.

Nikafyata ulimi. Zafarani alikuwa na soksi mdomoni. Yangu.

Jikoni Mama akaniambia niache maneno, baba yako keshasema. Akasuuza sufuria. Kisha, bila kunitazama: "Na ile mikanda ivue uioshe. Inanuka."

Jumamosi, 9 Machi

Nimeiosha. Imekauka. Nimewavisha.

Mwekundu nimemvisha Binzari. Wa bluu, Zafarani.

Mwenye dume kaja na pikapu, mbiombio, simu sikioni. Kwake yeye wote ni mikate. Binzari akaruka garini mwenyewe! Zafarani angebebwa kama gunia. Nikajua yameharibika. Baba akacheka: "Leo mwoga wangu kajikaza." Akausogelea ule wekundu, akainama, akamnong'oneza sikioni. Nilikuwa karibu mno. "Nisamehe, mama. Ni mara ya mwisho." Maneno ya kuambiwa Zafarani. Yakaingia sikio la Binzari, na Binzari pua imezama kwenye mfuko wa shati la Baba, anatafuta biskuti.

Gari likaondoka. Na Binzari, ambaye hii ilikuwa zamu yake ya kupumzika. Naye sikumwuliza. Nilimchagua kama Baba alivyomchagua dada yake – kwa sababu nzuri.

Naandika nikiwa nimesimama jikoni, Mama akiosha vyombo. Kupitia dirishani namwona Baba verandani. Mbwa wa mkanda wa bluu amekwenda kumwegemea. Mkono wa Baba umeshuka kichwani pake, ukatulia. "Binzari, na wewe leo una nini?"

Mkia kwenye mlango wa bati. Tu-tu. Tu.

Mama amefunga bomba.

Baba kageuza uso kuelekea sauti. Kisha akaita jina, polepole, na halikuwa la Binzari.

Tu-tu. Tu.

Sasa ananiita mimi. Hajapaza sauti. Anasema nimletee simu yake, gari haliwezi kuwa limefika mbali. Simu iko hapa mezani, kando ya kopo la sukari. Mama ameitazama, akanitazama, akafungulia bomba tena, kwa nguvu.

Nimeshaizima.