Magamba Mikononi

Nehemia Mwakalobo, 1974–2024

Baba Rozina, leo mwaka umetimia tangu ulipotoka hapa ugenini Blacktown asubuhi na ndoano zako, ukasema utarudi kabla ya chakula cha jioni. Tunakuandikia kwa sababu bado tunaongea nawe kila siku, na kwa sababu nina hofu ambayo haijaisha. Hofu zangu nilizoea kukuambia wewe.

Kazini Seven Hills wanakukumbuka kwa foklifti yako ya kubebea mizigo na utani wako. Wageni kutoka nyumbani wanakukumbuka kwa kuwapokea uwanja wa ndege bila hata kuwajua. Sisi tulikujua kwa ziwa lako. Kila Jumamosi usiyokuwa na zamu ulikuwa huko. Samaki aina ya besi ulimpima kwa rula, ukamwambia maneno mawili ya Kinyakyusa, ukamrudisha majini. Wale wadogo wenye mapezi mekundu, wanaoenea kwenye kikaango, ndio walikuwa chakula. Uliwapara palepale, ukawatia chumvi, ndimu na tangawizi, ukawapaka unga wa sembe na kuwakaanga kwenye jiko dogo la gesi mpaka mapezi yakauke. Waliobaki uliwaleta nyumbani, na jirani yetu Mama Achola alikuwa tayari kwenye uzio na sahani yake. Halafu ulilalamika kwamba mchele wa hapa hauna harufu kama wa Kyela, ukala sahani mbili.

Ulikuwa na tabia moja iliyoniudhi. Ukiwa na samaki hukupokea simu. "Nilikuwa na magamba mikononi, Mama Rozina," ndivyo ulivyojitetea kila mara, nami nilinuna kidogo tu, yakaisha.

Siku ile nilikupigia saa sita, nikiwa kwenye mapumziko huko ninakohudumia wazee. Hukupokea. Nikacheka, nikamwambia mwenzangu Léonie, "Leo amepata wengi." Saa nane nikapiga tena, nikasema tena ni magamba. Saa kumi mtu aliyekuwa akitembeza mbwa wake akakukuta umeketi kwenye kiti chako, ndoo tupu, mikono misafi. Moyo ulikuwa umesimama tangu asubuhi. Daktari alisema hata ningejua mapema isingesaidia. Namshukuru, ila kumwamini nimeshindwa. Nisamehe kwa saa zile nne.

Tangu hapo naogopa simu isiyopokelewa. Na hofu imezidi tangu tulipoambiwa kwamba ugonjwa kama wako unaweza kurithiwa, hivyo Rozina naye apimwe. Amepimwa, majibu bado. Katikati ya kungoja huko mtoto akaniambia, "Mum, I want to go to Dad's lake." Nilikataa wiki tatu asiende ziwani kwako. Mdogo wako Gregori ndiye aliyenibembeleza.

"Shemeji, nitakuwa naye muda wote," alisema. "Ukimfungia ndani hatapona kwa kufungiwa."

Nikakubali mdomoni tu.

Jumamosi iliyopita wakaenda. Saa sita nikampigia Rozina, hakupokea. Gregori naye kimya. Nilipiga mara kumi na moja. Nilishachukua funguo za gari, nikaishia kukaa kwenye ngazi namwomba Mungu kwa sauti, mpaka Mama Achola akanisikia, akaja kuketi nami.

"Piga tena, mwenzangu," akasema. "Mimi niko hapa."

Ikapokelewa.

"Sorry, Mum," Rozina akasema. "Magamba mikononi."

Unamjua mwanao, Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Maneno hayo hakufundishwa na mtu. Nikalia, nikamgombeza, nikalia tena. Simu ya Gregori ilikuwa garini, yeye akihangaika na besi mkubwa ambaye baadaye walimpima na kumrudisha, kama ulivyotaka.

Walileta sita wadogo. Niliwakaanga kwa tangawizi, wawili wakaungua, wakaliwa hivyohivyo. Kabla ya kutoka mezani tuliweka sheria: katika familia hii mwenye magamba atapokea simu na magamba yake. Simu ya Rozina inanuka samaki mpaka leo na sijamwambia aifute.

Majibu yanatoka Alhamisi. Naogopa sana, Baba Rozina. Mchana najikaza mbele ya mtoto, bafuni nafungua bomba asinisikie nikilia. Naye nadhani anaogopa, maana jana aliniuliza kama wewe ulisikia maumivu. Nilimwambia ulikuwa umeketi, unaangalia maji.

Unakumbukwa na mkeo Ikupa, mwanao Rozina, mdogo wako Gregori, mama yako mzazi aliyeko Kyela, Mama Achola na wenzako wote wa Seven Hills.

Daima umo mioyoni mwetu. Alhamisi hospitali wakipiga, nitapokea, hata nikiwa na magamba mikononi.