Joho la Nefise

Tire, 10 Machi 1936

Mwanangu Nefise,

Mimi naendelea, isipokuwa kifua. Wewe je, baridi ya Sivas imekubakiza mzima? Uuvumilie mwandiko, herufi hizi mpya za Kilatini ulinifundisha mwenyewe.

Serikali inataka kila mtu awe na jina la ukoo kabla ya Julai. Nimeandikisha Keçeci, mtengeneza majoho ya sufu. Karani akanitania, "Fundi Halil, wenzako wanachagua Simba na Chuma, wewe bado sufu tu?" Nikamjibu, simba hajamvika mchungaji yeyote. Tangu babu wa babu yangu tunaipiga sufu iliyoloweshwa kwa vifua vyetu katika mvuke wa hamamu, hadi ishikamane kuwa joho. Kaka zako walibaki vitani. Jina hili halina wa kulibeba ila wewe.

Baba yako

Sivas, 2 Aprili

Baba,

Naomba barua hii ikukute umelala vizuri na kikohozi kimepungua.

Yako imechelewa. Sheria inamruhusu mtu mzima kujichagulia, nami tayari ni Nefise Işık, yaani nuru. Daftari la shule limeshabadilishwa. Nilipofika hapa, mwalimu mwenzangu aliniuliza baba yangu anafanya kazi gani. Nikasema anauza nguo. "Na hiyo harufu ya kondoo, ni manukato?" Joho ulilonitengenezea lilikuwa begani. Wote walicheka, nami nikacheka kuwashinda. Sijalivaa tena. Ningekuambia sioni aibu, lakini hukunifundisha uongo.

Binti yako

Tire, 5 Mei

(Juu ya bahasha: Mwalimu Nefise Keçeci, Shule ya Wasichana, Sivas. Mhuri wa posta: Hajulikani. Irudishwe.)

Mwanangu,

Hujambo? Sikuandika mapema kwa sababu ya hasira. Sasa imekwisha. Ulicheka, basi. Mimi nami nilikuwa nikioga mara tatu kabla ya kwenda kumposa mama yako.

Kwenye bahasha nimeandika jina langu, niachie hilo tu. Walimu wa Tire wanaoitwa Nefise huko ni wangapi? Ila kwenye joho jipya nitatandika lako, Işık, kwa sufu nyekundu. Daktari anasema kifua hiki hakitapiga jingine. Njoo tulipige pamoja.

Baba yako

Sivas, 30 Mei

Baba,

Mimi mzima. Wewe sijui, maana huandiki. Kama jina langu limekushinda hata kuliandika, nimeelewa. Likizo nitabaki huku.

Binti yako

Tire, 3 Julai

Baba,

Sijui nikuulize nini kuhusu afya yako. Jibu lako halikuja, nikaja mwenyewe.

Walikuzika tarehe nne Juni. Jirani Emine ananiambia, "Mwanangu, tulikutafuta kwa telegramu. Posta wakasema huko hakuna Keçeci." Barua yangu ya mwisho nimeikuta chini ya mlango, haijafunguliwa. Yako iliyorudishwa ilikuwa juu yake, nimeisoma. Nilipokwenda kuchukua cheti chako cha kifo, karani aliniuliza mimi ni nani kwako. Nikasema binti. Akatazama daftari, akatazama cheti changu. "Kwa maandishi, dada, wewe ni mgeni."

Karakanani mkeka bado umetandazwa. Juu yake sufu nyeupe, haijamwagiwa maji, haijapigwa. Jina ulilitanguliza chini, kama ufanyavyo siku zote, ndipo ukalifunika. Nililala kifudifudi nikasukuma kwa kifua changu. Sufu ikaninata mdomoni. Kazi hii siijui. Nikainua pembe moja, angalau nilisome, na nyekundu ya jina ikamwagika ndani ya nyeupe.

Binti yako