Kadi ya Mheshimiwa

Tarehe 3 Februari

Wifi yangu,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima na kazi ya maabara haikuchoshi. Mimi sijambo, cherehani inakwenda, ila goti la kushoto linanisumbua nikikaa sana. Najua ukiuona mwandiko wangu utataka kuichana barua hii. Isome kwanza, kuchana utachana baadaye. Namba yangu umeifungia, ndiyo maana nimeiacha kwa mlinzi wa shule yenu.

Mheshimiwa anaumwa. Leo siku ya nne hajala. Yule tuliyempa jina hilo kwa sababu anakaa tu, anatabasamu na kumeza, sasa hataki hata mnyoo mmoja. Anaelea juu kama kizibo, tumbo upande, na yale manyoya mekundu ya shingoni anayopumulia yameota kitu cheupe mfano wa pamba. Nilimwonyesha muuza samaki wa mapambo picha yake. Akasema hajapata kuona samaki mwenye miguu. Nikamwambia si samaki, ni aksoloti, jamaa wa chura anayeishi majini maisha yake yote. Akanicheka hadi wateja wakageuka.

Unajua kwa nini sina raha. Mama alipokuwa anatutoka, naye maneno hana tangu kile kiharusi, alinibana mkono akanyoosha kidole kwenye tangi. Aliniachia kiumbe huyu. Kaka yuko safarini na lori. Wewe ndiye uliyemleta kutoka shuleni walipotaka kumtupa, wewe ndiye unayemjua. Nifanye nini?

Wifi yako


Tarehe 4 Februari

Wewe,

Salamu zimefika. Afya yangu iache, mwaka mzima hukuiulizia.

Nilipomaliza kusoma nilicheka mpaka mwalimu wa kemia akaja kuchungulia. Eti nifanye nini. Si ni mimi niliyeambiwa sijui kumtunza mgonjwa? Nakumbuka kila mtu alikaa wapi sebuleni siku ile. Baba mkubwa kwenye kochi refu, kaka yako karibu na mlango, na wewe na utepe wako wa kupimia shingoni, kana kwamba umekuja kunipima sanda. Nilisema tulibadilishana zamu. Nilisema nilikuwa na mitihani ya vitendo, nikakuomba ukae na mama Jumanne ile, ukakubali. Ukaapa kwamba hatukubadilishana chochote. Mama alianguka akiwa peke yake, nyonga ikavunjika, wiki tatu baadaye tukamzika, na mimi nikatoka na sanduku moja. Mheshimiwa mkaninyima, eti ni wa mama. Mume wangu wa miaka tisa hakuinua hata macho.

Kwa hiyo sikuandikii wewe, namwandikia yeye. Mtoe kwenye tangi leo hii. Mteke kwa bakuli, usimshike. Mweke kwenye beseni ambalo halijawahi kuguswa na sabuni, katika maji ya bomba yaliyokaa wazi tangu jana. Kama huna, nunua ya chupa. Gandisha chupa ndogo za maji uwe unaelesha moja pembeni yake, maana joto linamuua. Maji yote uyabadilishe kila siku. Mfunike kwa kitambaa, hapendi mwanga.

Halafu useme kweli: tangi umekuwa ukilisafisha kwa nini? Na uniletee zile kadi zilizobandikwa ubavuni mwa tangi, zote, tangu ya kwanza. Bila kujua maji yamebadilishwa lini siwezi kusema zaidi.

Aliyekuwa wifi yako


Tarehe 6 Februari

Wifi,

Umeamkaje? Huku kuna nafuu kidogo. Nimefanya yote uliyosema, na jana jioni alizama mwenyewe akatulia chini. Nilipiga kigelegele peke yangu jikoni.

Sasa usinitukane. Mawe ya tangi yalikuwa na ukijani, nikayasugua kwa ile dawa ninayong'arishia mashela ya maharusi. Nilisuuza mara tatu, wallahi. Kadi hizi hapa, nne. Sijui utasoma nini humo, ni tarehe na minyoo tu.

Ile pamba imehamia upande wa pili. Kuna dawa?

Wifi yako


Tarehe 7 Februari

Wifi,

U mzima? Mimi leo mzima kuliko juzi.

Umemfua Mheshimiwa kama shela, masikini, na ngozi yake haifuliwi. Hiyo ndiyo iliyomchoma, na ukungu umeota palepale palipochomeka. Dawa ipo. Iko jikoni mwako. Lakini ngoja kwanza.

Nimezisoma kadi. Shuleni kila kifaa changu kina kadi, na anayekigusa anaandika saa na kutia sahihi. Nilipowaletea utaratibu huo nyumbani mlinicheka, lakini mliufuata. Tangi lilikuwa chumbani kwa mama, na mwenye zamu ya mama ndiye aliyemlisha Mheshimiwa. Sasa tazama kadi ya tatu, mstari wa kumi na moja. Jumanne, saa mbili asubuhi, minyoo mitatu, maji nusu. Sahihi ni yako, na ule mkia mrefu unaowawekea wateja kwenye risiti. Ni Jumanne ileile. Mama alianguka saa nne. Ulikuja, ukashika zamu yangu kama tulivyokubaliana, kisha ukatoka ukamwacha.

Na hili nalo ulijue. Kadi ile ilikuwa inatazamana na kitanda. Mama alikuona ukiandika. Hakukuachia mnyama. Alikuwa anakuonyesha kadi.

Ningeweza kumpelekea kaka yako karatasi hii mambo yakaisha. Sitaki. Uongo ulitoka kinywani mwako, na ukweli utoke humohumo, sebuleni, mbele ya walewale. Maelezo ya dawa yamo kwenye bahasha, na bahasha iko kwa mlinzi. Ameambiwa ampe baba mkubwa peke yake, akija kwa miguu yake. Wewe ukija, hata ukigaragara chini, atakupa habari za hali ya hewa.

Aliyekuwa wifi yako


Tarehe 8 Februari

Wifi,

Salamu. Nimekuja asubuhi, na mlinzi ameniambia kwamba mvua itanyesha jioni.

Una roho mbaya. Kiumbe cha watu kimekukosea nini? Akifa, amekufa mikononi mwako.

Nilitoka nusu saa tu. Bibi harusi alikuwa ananingoja amekaa na gauni la ndani, gari limeshafika mlangoni kwao. Mama alikuwa amelala, nikajua nitarudi kabla hajafumbua macho. Niliporudi yuko sakafuni. Kila mtu akaniuliza ilikuwa zamu ya nani, na kwenye ratiba ya ukutani lilikuwa jina lako. Nikalisoma. Basi. Nikishalisoma, ningerudi nyuma vipi?

Baba mkubwa ana presha. Na kaka akijua atanitoa, wakati cherehani yangu iko kwenye baraza lake. Niambie hiyo dawa. Nakupigia magoti.

Wifi yako


Tarehe 8 Februari, alasiri

Wifi,

Nami nilikuwa na wateja siku ile, wanafunzi arobaini na wawili. Magoti kampigie baba mkubwa.

Mlinzi yupo mpaka saa kumi na mbili. Jumapili hayupo.

Aliyekuwa wifi yako


Tarehe 14 Februari

Wifi,

Sijui nikusalimuje. Hujambo?

Kaka alirudi tarehe kumi na mbili. Nilimwacha aoge, ale. Nikamwangalia Mheshimiwa, tawi moja la manyoya limeshakatika linaelea peke yake kwenye beseni. Nikaenda kumwita baba mkubwa. Nikawakalisha palepale, yeye kwenye kochi refu, kaka karibu na mlango. Nikasimama pale uliposimama wewe. Nikasema yote, mpaka la gauni, mpaka la kidole cha mama.

Kaka alitoka akaenda kukaa ndani ya lori lake, vioo juu, injini imezimwa. Baba mkubwa akauliza swali moja.

"Yule binti wa watu, kabla hajaondoka, kuna aliyempa hata maji ya kunywa?"

Hakuna aliyekumbuka. Akaomba viatu vyake.

Alikwenda shuleni kwenu kwa miguu, na jua lile. Aliporudi na bahasha nikaifungua palepale mlangoni. Chumvi! Vijiko vidogo viwili kwa lita moja ya maji, dakika kumi, asubuhi na jioni. Siku zote zile nilikuwa natembea naipita, iko juu ya kabati. Leo siku ya tatu, ukungu umebanduka, na mchana amekula mnyoo mmoja.

Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi niondoe cherehani. Wateja nao wameshasikia. Kaka anakuandikia barua, ni karatasi ya nne sasa. Baba mkubwa amesema Mheshimiwa arudi kwako, atamleta mwenyewe.

Umefurahi?

Wifi yako


Tarehe 22 Februari

Wifi,

Hujambo na goti lako? Likande kwa maji ya moto kabla hujakaa kwenye cherehani, si baada.

Nimefurahi, ndiyo. Sitakudanganya. Nimeisoma barua yako mara tatu, na pale unaposema ulisimama niliposimama mimi nimeparudia zaidi. Lakini zile siku mlinzi alipokuwa na bahasha, nilikuwa namwendea kila kipindi kikiisha kuuliza kama mzee amefika. Alhamisi niliichukua nikakaribia kuileta mwenyewe, nikafika getini nikairudisha. Kama Mheshimiwa angekufa, lingekuwa langu. Hilo nalijua, na sijaliomba radhi kwako, nimemwomba yeye.

Baba mkubwa alimleta jana kwenye ndoo yenye kifuniko, chupa ya barafu ikielea ndani. Hakuketi mpaka nilipomwambia aketi. Alisema samahani mara moja, kwa sauti, nikampa maji. Mheshimiwa amekonda, ila lile tawi lililokatika linaota upya. Wao wamejaliwa hivyo.

Msamaha wako sina kwa sasa. Nikiupata nitakujulisha. Barua ya kaka yako imefika, karatasi saba, za mkono wake. Naona anataka nirudi. Mwambie imenifaa sana. Meza ya tangi ilikuwa inayumba upande mmoja, nikaikunja mara nne nikaisukumiza chini ya mguu, sasa imetulia kabisa.

Kadi mpya nimeshaibandika ubavuni mwa tangi. Jumamosi ni zamu yako. Njoo saa mbili asubuhi, na kabla hujaondoka, utie sahihi.

Wifi yako