Nahodha Deidamia Hakuoga kwa Ajili Yao

Asunción, 4 Machi

Mama mpenzi,

Nakuomba baraka. Natumaini goti limepungua uvimbe na upepo wa kaskazini haujakutoa roho kwa joto. Mimi mzima, nimekonda kidogo tu, usinigombeze.

Kile kikundi cha maigizo kimenipokea. Mwaka huu tunatunga michezo miwili mipya. Mmoja ni wa wanawake waliotangulia pale ambapo mwanamke hakuwahi kukanyaga, na nimepewa mimi niuandike. Sikukuuliza, lakini nimemchagua dada yako, mama mkubwa Deidamia, mwanamke wa kwanza kushika usukani wa meli ya mizigo ya mtoni kutoka hapo Concepción hadi Bahía Negra. Mchezo wa pili anautunga mwongozaji wetu, Aníbal. Ni wa watu wanaochungulia wenzao, dirishani, ukutani, kwenye simu. Anasema sote tunachungulia, ila hatukiri.

Sasa nisimulie, Mama. Ni kweli mabaharia walitoboa ukuta wa bafu lake? Marehemu baba aliwahi kulitaja huku anacheka, ukamkata kauli.

Mwanao,
Liduvina

Concepción, 19 Machi

Binti yangu,

Mungu akubariki na akuongeze nyama mwilini. Goti lipo, linanitawala kama kawaida. Nimempa dereva wa basi akuletee jibini na chipa nilizokuokea kwa unga wa mihogo. Zile zenye anisi ni zako, usigawe.

Ni kweli. Walitoboa kwa msumari wa moto, usawa wa jicho. Mpishi, fundi wa injini, hata yule msaidizi wa Deidamia mwenyewe, aliyekuwa akimwita "kapteni" kwa adabu mbele za watu. Wakawa wanapokezana, na wakifika bandarini wanagawa habari kama peremende: ana kovu hapa, ana baka pale. Deidamia alijua siku muuza nyama alipomuuliza kovu la paja alilipatia wapi. Hebu fikiria! Mwanamke ametoka kupitisha meli kwenye mafungu ya mchanga, mto umekauka, wanaume wamegeuza na kurudi, halafu mtu aliyeshika ini la ng'ombe anamuuliza habari za paja.

Hakupiga kelele. Aliacha kuoga melini, basi. Safari nzima, kwenye joto lile, anashuka nguo zimekakamaa kwa jasho. Wakaanza kusema kapteni ananuka.

Ukiandika, andika alivyopitisha meli.

Mama yako,
Zunilda

Asunción, 11 Mei

Mama,

Nakuomba baraka. Chipa ziliisha siku ileile, na sikugawa. Goti linasemaje?

Nimeandika meli, na tundu nimeliandika pia. Usikasirike. Niliwasomea wenzangu. Aníbal akaruka kitini: "Hapo ndipo mchezo ulipo, bibie! Mengine yote ni hotuba ya shule." Anataka Mirna, msichana anayemwigiza Deidamia, aoge kweli jukwaani, na watazamaji wakae upande wa tundu.

Mirna akauliza, "Mgongo tu?"

"Tutaona mwili utakavyotaka," akajibu.

Mwili wa nani, Mama? Nilisema hapana. Akanipigapiga begani, akasema nitakua.

Na mchezo wake mwenyewe unanitia kinyaa. Ametutuma turekodi majirani kwa siri. Mwenzetu mmoja ameleta video ya bibi wa ghorofa ya chini yake, anahangaika kukata kucha za miguu, hazifikii. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Mimi nilikuwaza wewe na goti lako.

Mwanao,
Liduvina

Concepción, 30 Mei

Binti yangu,

Mungu akubariki. Mimi mzima, na baridi imeanza.

Mtu anayekwambia "sote tunafanya" anatafuta wa kuchafuka naye. Toka humo. Najua hutatoka, umeshaipenda kazi. Basi usimwache huyo Mirna peke yake.

Mama yako,
Zunilda

Concepción, 22 Agosti

Liduvina,

Mungu akubariki popote ulipo. Tangu baridi ianze hadi sasa miti ya lapacho imechanua, dereva wa basi anarudi mikono mitupu, bila barua yako. Afya yako sijui, kwa hiyo yangu sikwambii.

Jana alikuja jirani Nicanora, simu mkononi.

"Mama Liduvina, sikutaka uyasikie kwa wengine."

"Yapi?"

"Kaa kwanza."

Akaniwekea simu puani. Ukumbi wa giza, shuka jeupe ukutani, na kwenye shuka, wewe. Umevaa chupi na sidiria tu, umeinama unafunga kamba ya kiatu. Nyuma yako msichana mwingine anavua fulana.

Niligeuza uso, nikakutana na wa Nicanora. Simu hakuwa na haja nayo, alishaiona. Alikuwa ananitazama mimi. Midomo wazi kidogo, kama mtu anayengoja chungu kichemke.

Nikamwambia, "Umeshaona? Nenda."

"Mimi nakuonea huruma, jamani!"

"Huruma gani hiyo imekuja na betri iliyojaa?"

Alipotoka nikanawa mikono. Nikasugua na kiti alichokalia, kwa sabuni ya nguo, na bado sikukikalia.

Sikuulizi ulifanya nini, maana hukufanya kitu. Niandikie mstari mmoja tu.

Mama yako

Asunción, 5 Septemba

Mama,

Nakuomba baraka, na nakuomba radhi kwa kimya. Kila nilipoanza barua niliona aibu, halafu nikaona hasira kwamba aibu imenijia mimi badala ya kumjia Aníbal.

Aníbal alificha kamera kwenye chumba chetu cha kuvalia. Akaalika wafadhili waje waonje mchezo wake. Taa zikazimwa, tukatokea sisi. Aliuita "ukweli usioigizwa". Mirna alikuwa kando yangu, na alicheka kwanza, kwa sababu hakuutambua mgongo wake. Halafu akautambua. Sauti aliyotoa sitaki kuiandika.

Niliruka nikalivuta shuka likaanguka. Picha ikaendelea ukutani. Nikasimama mbele yake, ikaendelea juu yangu. Bwana mmoja wa safu ya mbele akapinda shingo pembeni ili nisimzibe. Kisha wakapiga makofi, Mama. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Wengine walikuwa wanarekodi, na hicho ndicho alicholetewa Nicanora.

Tulikwenda polisi kushtaki. Afisa akasema lazima auone ushahidi. Akaita mwenzake, mwenzake akaita mwingine. Mmoja alikuwa anatafuna empanada ya nyama. Akasema, "Rudisha nyuma kidogo." Mirna akachukua mkoba wake akatoka. Amerudi kwao Caacupé, simu hapokei. Mimi nilikaa palepale, nikimtazama yule mla empanada makombo yakimdondoka tumboni, mpaka karatasi yangu ikagongwa muhuri. Aníbal ameitwa ahojiwe. Anasema hatuelewi sanaa.

Sisi wanawake tumejitoa, na mchezo wa mama mkubwa tumeondoka nao. Tundu nimelifuta, ukurasa mzima. Bibi mmoja aliyetaka kutufadhili aliusoma mchezo, akaniuliza, "Mbona hakuna kisa cha bafu? Watu wangelia." Nikamwambia watalia kwenye mchanga, meli inapokwaruza tumbo na Deidamia peke yake hajaachia usukani. Hakuridhika. Msaada hakutoa.

Novemba tunauonyesha hapo Concepción, ule ukumbi wa karibu na bandari. Deidamia nitakuwa mimi. Utakuja kutazama?

Mwanao,
Liduvina

Concepción, 16 Septemba

Mwanangu,

Mungu akubariki, akubariki, na tena. Barua yako nimeisoma nimesimama.

Kesi isukume. Hao wa empanada wazoee kukuona umevaa nguo zako zote na umekunja uso. Mirna mwandikie, usimuulize chochote. Mwambie tu kwangu kuna kitanda, na dirisha lake linatazama shamba la mihogo, hapiti mtu.

Kutazama siji. Usihuzunike. Siwezi kukaa gizani katikati ya watu wa mji huu nikimtazama dada yangu, hata kama dada yangu ni wewe. Wapo watakaokuja kwa ajili ya meli, na wapo watakaokuja kwa sababu ya kile walichokiona kwenye simu. Sitaweza kuwatofautisha, na nitawachukia wote.

Lakini mtakuwa na njaa. Nitafika mchana na masufuria yangu, niwapikie mkate wa mahindi na jibini pale mlango wa nyuma, karibu na chumba chenu cha kuvalia. Mchezo ukianza nitabaki hapohapo, namenya mihogo. Mwenye shida ya kupita huko aje, atanikuta na kisu.

Mama yako,
Zunilda